Tundu la Hereni

"Usisahau hereni yangu," Mama alikuwa amesema asubuhi ile, akiitia kwa mkono wake mwenyewe ndani ya mfuko wa koti la binti yake. "Mpe sonara aichonge ncha kidogo. Sikio limekuwa gumu, haipiti."

"Sikio linakuwaje gumu, Mama? Umevaa hizo tangu sijazaliwa."

"Dawa imenirudisha usichanani, ndiyo maana. Na wewe una wivu."

Alicheka, akageuza shingo ili binti yake aone vizuri. Na kweli palikuwa pa kuonwa. Mvuke wa sufuria ulikuwa umembabua upande mzima wa kushoto, kuanzia chini ya taya hadi nyuma ya sikio, na hospitali ya kawaida ilikuwa imempa vidonge vya maumivu na pole. Taasisi ndiyo iliyompa marhamu, bure, wiki baada ya wiki. Sasa pale palipokuwa na nyama nyekundu palikuwa na ngozi laini, inang'aa, changa kuliko yeye mwenyewe.

Kwa hiyo binti yake, Inspekta wa polisi, alikwenda kuchunguza kifo ndani ya Taasisi hiyo akiwa na deni la shukrani shingoni mwa mama yake. Kituoni walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye jambo, hatoki bila mbao kupasuka. Mkuu wa kituo hakutaka mbao zipasuke. Alikuwa amemwambia kwenye simu, "Kabla ya adhuhuri nataka neno moja tu kwenye faili. Ajali."

Neno hilo Msumari alilijua. Marehemu baba yake alikohoa vumbi la kiwanda cha betri mpaka akabaki mifupa, yeye na nusu ya wenzake wa zamu, na walioandika walilitumia neno hilohilo. Waliokufa walizikwa, walioandika walipandishwa vyeo. Kuna watu wanaosahau mambo kama hayo. Nyumbani kwao hawakuwa watu hao.

Foleni ya getini ilikuwa imeshajikunja mara mbili mbele ya banda la bati ambamo Taasisi iligawa marhamu. Banda lile lilipokea waliounguzwa uso na shingo tu: wapishi waliolipukiwa na majiko, wafua nguo wa mitambo ya mvuke, mama aliyemwagiwa mafuta ya moto na mumewe. Wengi walikuwa wanawake. Walisimama, kila mmoja na kopo lake tupu mkononi.

"Afande," Koplo alisema akizima gari, "hapa hata mimi ningekuwa na kovu ningepanga foleni. Ng'ombe wa bure hakaguliwi meno."

"Wa bure ndiye wa kukaguliwa meno."

Msumari aliwapita wale wanawake akiwatazama mmojammoja, kwa mazoea ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyevaa hereni. Aliliona hilo, akalipita. Shida ikibisha hodi, hereni ndizo huuzwa kwanza.

*

Mkurugenzi alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alimpokea Msumari mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, akauliza jambo la kwanza kabla hata hajaketi: "Mama hajambo? Shingo inaendeleaje?"

"Unamfahamu mama yangu?"

"Wagonjwa wangu wote nawafahamu."

Aliyekufa alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyekata vipande vya ngozi ya panya, akavitia rangi na kuvitazama. Walimwita Mzee Hadubini. Alikutwa ndani ya chumba cha baridi, amekaa sakafuni, kope zimeganda.

"Mlango mbovu," Mkurugenzi alisema. "Kirungu cha kufungulia kwa ndani kinazunguka bure. Tulishaita fundi, fundi hakuja. Unawajua mafundi wetu."

"Kimeharibika tangu lini?"

"Tangu zamani. Kila mtu anajua. Lakini Mzee alikuwa na siku zake za kusahau." Alishusha sauti zaidi. "Ingawa, kama unataka kunisikia, kuna mtu aliyegombana naye mbele ya watu. Mtunza panya. Angalia mikono yake. Imechubuka yote."

"Nitaiangalia. Kwanza nionyeshe panya."

Chumba cha panya kilikuwa hakina dirisha. Vizimba vya plastiki vilipangwa hadi darini, na ndani ya kila kimoja kitu kilikuwa kikitambaa, kikiguguna, kikisugua ukuta. Sauti ile haikutoka mahali pamoja. Ilitoka pande zote, kama mvua ndogo ndani ya nyumba. Harufu ya mkojo ilichoma macho.

"Ngozi yako wewe, Inspekta, haijatulia," Mkurugenzi alisema. "Unaiona imekaa, kumbe inafanya kazi. Chini kabisa kuna tabaka la seli. Seli moja inajigawa, zinakuwa mbili. Mpya zinasukuma kuukuu juu, kuukuu zinapukutika. Mahali penye kidonda kikubwa kazi hiyo huchelewa. Marhamu yetu inaihimiza."

"Na nani anaiambia iache?"

"Samahani?"

"Zikishahimizwa. Nani anaziambia basi, inatosha?"

Mkurugenzi alitabasamu. "Mwili wenyewe. Hawa hapa wamepakwa kisogoni tangu mwanzo wa mwaka. Wenyewe wanajilamba, wanajisugua kwa vikono, wanaisambaza mpaka usoni na masikioni. Unaona ugonjwa wowote?"

Alimtoa panya mmoja kwa kumshika mkia, akamlaza kwenye kiganja. Panya mweupe, mnene, manyoya safi. Msumari aliinamisha uso. Sikio la kulia lilikuwa na tundu dogo la mviringo.

"Hilo ni la nini?"

"Alama. Wote wanafanana, kwa hiyo kila mmoja hutobolewa akiachishwa ziwa. Kuna koleo maalumu. Mahali lilipo tundu ndipo jina lake. Hilo la maisha."

"Na wasiopakwa wako wapi?"

Walikuwa chumba cha jirani. Msumari aliomba ashike mmoja, akashika, akamgeuza kwenye mwanga wa taa. Tundu la sikio lilikuwa na ukingo mweupe, laini, kama tundu la kifungo kwenye shati lililofuliwa miaka. Alirudi chumba cha kwanza bila kuombwa. Akafungua kizimba kimoja mwenyewe, kisha cha pili, kisha cha mbali kabisa karibu na ukuta. Ukingo wa kila tundu ulikuwa mweusi. Gaga. Damu iliyokauka juzijuzi.

"Hawa walitobolewa lini?"

"Pamoja na wale wengine."

"Pamoja."

"Ndiyo, Inspekta. Kabla hawajaanza kupakwa, mwanzo wa mwaka."

Alikuwa amesimama karibu mno. Msumari alifunga kizimba taratibu. Panya wa ndani alijiinua kwa miguu ya nyuma, akasugua masikio yake kwa vikono, tena na tena, kama mtu anayenawa.

*

Mtunza panya waliyemwita Paka walimkuta kwenye chumba cha kuoshea vizimba, anasugua plastiki ambayo ilikwisha kung'aa. Koplo alisimama mlangoni na pingu zikining'inia mkandani.

"Nionyeshe mikono," Msumari alisema.

Paka aliinyoosha. Ilikuwa imejaa alama ndogo pacha, mbilimbili.

"Haya ni meno ya panya," Msumari alimwambia Koplo. "Mtu akimshika mwenzake akamtia ndani ya jokofu, hachubuliwi hivi." Akamgeukia Paka. "Mligombana nini na Mzee?"

"Hatukugombana."

"Watu waliwasikia mkitukanana."

"Yeye ndiye alianza kuniita mzembe!"

"Mzembe wa nini?"

Paka aliutazama mlango. Akamtazama Koplo.

"Bi mkubwa, mke wangu ana mimba. Kazi nyingine sina."

"Hapo mlangoni kuna pingu, na Mkurugenzi ameshanitajia jina lako. Chagua unayemwogopa zaidi."

"Nawaogopa wote," Paka alisema, na hakuwa anatania. Alikaa juu ya ndoo. "Masikio. Alisema sitoboi masikio. Haki ya Mungu nilitoboa! Wale waliopakwa, natoboa leo, wiki ijayo nikija sikio zima. Kama hajaguswa maisha yake. Hakuna hata kovu. Nikasema labda nimechanganya vizimba, nikatoboa tena. Likaziba tena. Nikatoboa tena."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wangesema Paka amelewa, Paka kachanganya panya, Paka nje. Nikawa natoboa kimyakimya. Mzee ndiye akaja na kipande cha ngozi, anauliza huyu ni panya gani, mbona hana jina. Tukatukanana pale. Halafu kesho yake akaomba nimtobolee mbele yake mwenyewe. Akawa anakuja kila siku kutazama. Lilipoziba, alikata kile kipande cha sikio akaenda nacho kwenye hadubini yake. Alipotoka shati limelowa."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Paka, hizi seli hazijui kuacha.' Akaniambia nipapase nyuma ya sikio. Nikapapasa. Kulikuwa na kitu kama punje za mtama chini ya ngozi."

Maji ya bomba yalikuwa yakidondoka kwenye sinki.

Mkono wa Msumari ulikuwa umeingia mfukoni mwa koti. Uligusa kile kipande cha chuma, ukakaa hapo.

"Endelea."

"Punje zikakua. Wakaanza kufa. Wiki hiyohiyo wakaletwa panya wapya, wazima, na Mkurugenzi akanishika bega, akaniambia niwatoboe kama wale wa zamani, jina kwa jina. Wale wa zamani wote wakaenda kwenye tanuri."

"Wote?"

"Mzee alificha mmoja aliyekufa. Alimtia chumba cha baridi asioze. Alisema atampeleka mjini kwa watu wa wizara."

"Kile kirungu cha ndani, kimeharibika tangu zamani?"

"Nani kasema? Mimi niliingia mle siku moja kabla Mzee hajafa, nikajifungulia mwenyewe. Kilikuwa kizima."

Msumari alitoa simu, akapiga nyumbani. Ililia mpaka ikakata. Mama hakuwa na kawaida ya kusikia simu. Huiweka chini ya mto ili isiibiwe, hata akiwa peke yake nyumbani. Na leo ilikuwa siku yake ya kuja getini kuchukua kopo jipya.

"Koplo. Mchukue huyu, mtie garini, funga milango. Usimpeleke popote, kaa naye hapohapo getini. Mama yangu akitokea, mzuie. Mwambie mimi nimesema asipakwe chochote."

"Mama yako, Afande? Hatanisikia mimi yule."

"Mbebe."

"Na wewe?"

"Bila panya, haya ni maneno ya Paka juu ya Mkurugenzi. Unajua yatafika wapi."

Koplo alijua. Wote watatu walijua.

*

Chumba cha baridi kilikuwa mwisho wa ukumbi wa chini. Mlango wake ulikuwa mnene kama godoro, una kioo kidogo usawa wa macho. Msumari aliuvuta, akaburuta ndoo ya chakula cha panya, akaiegesha mlangoni usijifunge. Ndipo akaingia.

Kwanza alishika kirungu cha ndani. Kilizunguka bure, kama Mkurugenzi alivyosema. Akainama, akapuliza, akakichungulia. Kirungu kilishikwa kwenye mhimili wake kwa pini nyembamba ipitayo katikati, na pini haikuwepo. Kila kitu mle ndani kilikuwa na ukoko wa barafu, hata bawaba, lakini tundu la pini liling'aa. Limechokonolewa majuzi. Chuma kilichovunjika huacha kipande. Hapa hapakuwa na kipande.

Halafu akasimama pale alipokutwa Mzee, akaukumbuka mwili kama alivyouona kwenye picha za faili. Koti limefungwa vifungo vyote. Kofia imevutwa mpaka masikioni. Mkono wa kushoto una glovu nene ya manyoya, zile zinazotundikwa nje ya mlango. Mkono wa kulia mtupu, umeganda, umekuwa kama mti. Daktari wa polisi aliandika kwamba mtu akizidiwa na baridi huvua nguo kwa kuchanganyikiwa. Lakini huyu hakuvua koti, wala hakuvua kofia. Alivua glovu moja, na glovu yenyewe haikuwa sakafuni wala mfukoni.

Mtu anayekufa kwa baridi havui glovu ila ana kazi nayo.

Alianza kutafuta. Alipapasa chini ya rafu, juu ya rafu, nyuma ya masanduku ya chupa. Vidole viliuma, kisha vikaacha kuuma. Kona ya ndani kabisa, kati ya ukuta na feni, kulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Aliupitisha hadi begani. Akagusa manyoya.

Glovu ilitoka ikiwa ngumu kama kiatu. Kiganja chake kilikuwa kimejaa.

Msumari aliipindua, akaigonga kwenye rafu, na panya akatoka mzima mzima, ameganda, macho wazi. Kisogoni ngozi ilikuwa imejikunja mikunjo juu ya mikunjo, kama nguo kubwa aliyovaa mtoto. Nyuma ya masikio, punje. Hapana, zilikuwa zimevuka kuwa punje. Zilikuwa kunde, zimeshikana, zimesukuma kichwa upande. Na masikio yenyewe, yote mawili, yalikuwa mazima. Mazuri. Hayana tundu lolote.

*Sikio limekuwa gumu, haipiti.*

Ndoo ikakwaruza sakafu.

Aligeuka. Aliiona ikiondoka taratibu, inavutwa na mkono usioonekana, kisha mlango ukaja na uzito wake wote na hewa ikamsukuma kifuani. Kitasa cha nje kikaitika.

Uso wa Mkurugenzi ulitokea kwenye kioo. Hakuwa na hasira. Alimtazama Msumari, akamtazama panya mkononi mwake, akasema kitu ambacho ubao ule mnene ulikimeza. Lakini midomo ilisomeka. *Nilikwambia mlango mbovu.* Alitazama saa yake kama mtu anayechelewa mgonjwa, akanyoosha mkono pembeni. Taa ikazimika.

Giza lile halikuwa na mwisho. Feni ilivuma. Msumari alipiga mlango kwa ngumi, kwa bega, kwa kiatu. Ulipokea kila pigo bila sauti, kama mto. Simu haikushika mtandao ndani ya kuta za bati. Mwanga wake ulidumu kidogo, baridi ikaua betri, ukazimika. Pua zilianza kushikana. Pumzi ilimrudia usoni kama vumbi la vioo.

Mzee naye alisimama papa hapa, akizungusha kirungu hiki hiki. Akajua hakitafungua, akaacha, akatumia mkono alionao kumficha panya. Mpaka mwisho alikuwa kazini.

Msumari alijipapasa mifukoni. Kalamu: nene mno. Ufunguo: mnene mno. Kisha hereni.

Ilikuwa kizee cha hereni, kijiti chake kinene kimenyooka. Baba aliitoa siku ya posa akasema ni dhahabu. Mama aligundua kuwa ni shaba sikio lilipogeuka kijani, na tangu siku hiyo hadi baba anazikwa hakuacha kumkumbusha. "Mwongo wewe," alikuwa akimwambia, na kuivaa kila siku.

Vidole havikuwa vidole tena. Alishika hereni kwa meno, akapapasa mhimili kwa kidole gumba mpaka akalihisi lile tundu dogo la pini, akakielekeza kijiti. Kikateleza. Akaielekeza tena. Ilidondoka. Alipiga magoti gizani, akaipapasa kwenye barafu huku akijisikia anatoa sauti ndogo, sauti aliyoisikia asubuhi ile kwenye vizimba. Akaipata. Akaushikilia mkono mmoja kwa mkono wa pili.

Tundu la sikio lilikuwa limeikataa. Tundu la chuma likaikubali.

Akazungusha. Kirungu kikauma mhimili, kikakwama, kijiti kikaanza kupinda. Dhahabu ingekatika. Uongo wa baba ulishika. Ndani ya ubao kitu kikalia *kwa!*, na mlango ukafunguka kwenye ukumbi wenye joto na harufu ya panya, harufu nzuri kuliko zote duniani.

*

Alikimbia na nyusi nyeupe kwa barafu, panya ndani ya glovu, glovu kifuani. Wafanyakazi walimpisha ukutani.

Nje, jua lilikuwa utosini. Koplo alikuwa amesimama nje ya banda akibishana na muuguzi, nyuma yake Paka amebana uso kwenye kioo cha gari.

"Afande! Nimemwambia mama, haki nimemwambia! Ameniuliza mimi nina kovu? Amenipita hivi!"

Ndani ya banda, kwenye kiti cha mbao, Mama alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, mtandio umeshushwa mabegani. Mkurugenzi alisimama nyuma yake. Vidole vyake vyenye glovu nyembamba vilikuwa nyuma ya sikio la kushoto, vinapapasa polepole, vinasimama, vinapapasa tena. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayehesabu.

"Ondoa mkono," Msumari alisema.

Mkurugenzi aliinua macho. Vidole vilibaki pale pale.

"Ondoa mkono kwa mama yangu."

Aliuondoa. Alirudi nyuma hatua, nyuma palikuwa na meza ya makopo, na Koplo alikuwa ameshafika na pingu.

"Hii ni ajali," Mkurugenzi alisema, "mlango ule—"

"Neno hilo liache," Msumari alimkata. "Tumelisikia nyumbani kwetu. Mtu aliyeusukuma nilimwona usoni. Koplo, mshike."

Foleni ilikuwa imevunjika, imejazana mlangoni. Watu waliona pingu, wakaona mtu aliyewapa dawa bure anafungwa mikono, wakaanza kuguna. "Mnamwonea!" mama mmoja wa jikoni alipaza sauti. "Sisi nani atatutibu sasa? Nyie?" Mwingine akasukuma. Kopo likagonga ukuta karibu na kichwa cha Koplo.

Msumari hakuwa na hotuba. Meno yalikuwa bado yanagongana. Alizitazama nyuso zao laini, shingo zao zinazong'aa, masikio yao matupu. Asubuhi alikuwa amewaona na akawapita.

"Nani hapa alikuwa na matundu ya hereni?" aliuliza.

Walimtazama kama mwendawazimu.

"Nauliza. Kabla ya dawa. Mlikuwa mnavaa hereni. Mbona leo hakuna aliyevaa?"

Yule mama wa jikoni alikuwa ameinua kopo la pili. Mkono ulisimama hewani. Kisha ukashuka taratibu, ukaenda sikioni, vidole vikabana ncha ya chini, vikaisugua, vikaibana tena. Mwenzake wa nyuma akamwona, naye akagusa lake. Na wa nyuma yake. Ukimya ulitembea nyuma ya foleni, mkono kwa mkono, mpaka ukafika barabarani. Mtu mmoja mbali kule akasema, kwa sauti ya mtoto, "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Makopo yakaanza kuwekwa chini.

Mama alikuwa bado amekaa kitini. Msumari alipiga magoti mbele yake, akapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto, pale pale.

"Una mikono baridi, wewe mtoto! Ulikuwa wapi?"

Ngozi ilikuwa laini, ina joto. Chini yake kulikuwa na punje. Kidole kikasogea. Na nyingine.

"Kuna nini?" Mama aliuliza. Alitazama pingu, akatazama ile foleni ya watu walioshika masikio yao, akamrudia binti yake. "Mwanangu. Kuna nini hapo?"

"Tunakwenda hospitali. Kubwa. Sasa hivi. Bado ni ndogo, Mama, watazikata."

"Watakata nini?"

Msumari alifungua kiganja. Hereni ilikuwa humo, imepinda kijiti, ina mikwaruzo ya chuma. Hakukuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Umeiharibu," Mama alisema polepole. "Nilikwambia umpe sonara."

Aliichukua, akaifutia kwenye mtandio, akajaribu kuinyoosha kwa kucha. Kisha, kwa mazoea ya maisha yote, bila kutazama, akaipeleka kwenye sikio la kushoto na kuanza kutafuta tundu.